Kwa Kijana Aendaye Kuwauliza Watu Habari za Nafsi Zao

Kila mwaka, muhula wa mwisho unapokaribia kutimia, vijana wanaosoma saikolojia katika vyuo vyetu vikuu hutoka makundi kwa makundi, kila mmoja na dodoso lake mkononi, kwenda kuwauliza watu mambo ambayo mtu hamwambii hata ndugu yake wa tumbo moja: usingizi wake ukoje, hofu zake ni zipi, je, alipata kupigwa utotoni, je, iko siku aliyotamani kusikuche. Aghalabu wamefundishwa vema namna ya kuwachagua watu wa kuulizwa na namna ya kuyafanyia hesabu majibu yao, lakini ni wachache waliofundishwa namna ya kuketi mbele ya mtu asiyeweza kuwakatalia. Mintarafu ya upungufu huo ndiyo niandikayo leo, na maneno yangu nayaelekeza kwanza kwako wewe uendaye kuuliza, kisha, kabla sijaweka kalamu chini, kwa yule atakayeulizwa.

Utakuwa umeambiwa kwamba msingi wa utafiti wa haki ni ridhaa, na ulivyoambiwa ndivyo. Mwaka 1947 mahakimu waliokaa Nuremberg kuwahukumu matabibu wa Ujerumani, ambao kwa jina la elimu waliwatesa na kuwaua wafungwa wa kambi, waliandika ndani ya hukumu yao kanuni 10 za majaribio juu ya wanadamu, na ya kwanza yasema kwamba ridhaa ya hiari ya mwenye kujaribiwa ni sharti lisiloepukika. Kanuni hiyo imenukuliwa mno hata haiwezi kukosekana katika fomu yoyote. Lakini iko nyingine, ya tisa, ambayo ni nadra kuisikia ikitajwa: kwamba mtu huyo, wakati jaribio linaendelea, awe na uhuru wa kulikomesha akifika mahali ambapo mwili wake au akili yake inaona haiwezi kwenda mbele. Kwa rai yangu hiyo ya tisa ndiyo iipayo uhai ile ya kwanza, kwa sababu mtu anaporidhia jambo ambalo bado hajalionja, ridhaa yake haina budi kuwa ya muda, mpaka alionje jambo lenyewe.

Tazama yaliyotokea Marekani, katika mji wa New Haven, penye Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1961 Stanley Milgram alitangaza gazetini kwamba anataka wanaume wa kushiriki katika utafiti wa kumbukumbu na kujifunza, na kwamba kila mmoja atapata dola 4 pamoja na senti 50 za nauli. Walikuja makarani wa posta, walimu wa shule, wauzaji, mafundi na vibarua. Kila mmoja aliketishwa mbele ya mtambo wenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi volti 450, akaagizwa kumpiga pigo la umeme mtu aliyefungwa kitini katika chumba cha pili kila akosapo jibu, na kuongeza nguvu ya pigo kila mara. Umeme haukuwapo, aliyefungwa kitini alikuwa mshirika wa mtafiti, na kilichokuwa kikipimwa hakikuwa kumbukumbu, kilikuwa utii. Kati ya watu 40 wa jaribio lililochapishwa mwaka 1963, watu 26 walifika kwenye swichi ya mwisho.

Kisa hiki husimuliwa madarasani kuwa ushahidi wa unyonge wa dhamiri ya binadamu mbele ya amri, nacho ni ushahidi wa maana, sikatai. Nakuomba hata hivyo ukisome pia kwa upande wa wale 40 waliokuja kwa wema wao kuisaidia elimu. Milgram mwenyewe aliandika kwamba walitoka jasho, walitetemeka, waligugumia na kujiuma midomo. 14 kati yao walishikwa na kicheko cha wasiwasi kisicho na furaha ndani yake, na watatu kicheko hicho kiliwapanda hata wakawa hawajimudu. Ujira wao walikuwa wamekwisha kuupokea, tena waliambiwa kwamba ni wao kwa kule kufika tu, litokee litakalotokea, basi kwa upande wa fedha mtafiti alitenda insafu. Lakini alipogeuka mmoja wao kusema kwamba hataki tena, msimamizi aliyevaa koti la kijivu alikuwa na maneno manne yaliyopangwa tangu kabla, akayatoa kwa zamu, na la mwisho lilimwambia mtu yule kwamba hana hiari nyingine, sharti aendelee. Hapo ndipo kanuni ya tisa ilipovunjwa, katika mji wa watu huru, miaka 14 tu baada ya kuandikwa.

Mwaka 1964 mwanasaikolojia Diana Baumrind alimpinga Milgram hadharani, akisema kwamba chumba cha majaribio chenyewe humfanya mtu awe mtiifu na mwenye kutegemea, na kwamba haifai kuitumia imani ile kumtwisha mtu fedheha juu ya nafsi yake. Milgram akajibu kwamba walipoulizwa baadaye kwa barua, asilimia 84 ya walioleta majibu walisema wamefurahi kushiriki. Mimi jibu hilo halinitoshi, maana mtu aweza kufurahi kwa sababu amekwisha kupona, na kufurahi kwake hakumhalalishii mwingine kumjeruhi. Tena mwandishi Gina Perry wa Australia, katika kitabu alichokitoa mwaka 2012 baada ya kuzichambua hifadhi za Yale na kuzungumza na baadhi ya waliokuwamo, alionyesha kwamba wengi waliondoka siku ile bila ya kuambiwa ukweli wote, wakakaa miezi na dhana kwamba huenda wamemdhuru mtu.

Miaka 10 baada ya tangazo lile la New Haven, mwezi Agosti 1971, Philip Zimbardo wa Chuo Kikuu cha Stanford aligeuza sehemu ya chini ya jengo la idara yake kuwa gereza la bandia, akachagua vijana 24 kwa ujira wa dola 15 kwa siku, wengine wawe walinzi na wengine wafungwa. Jaribio lilikusudiwa kuchukua wiki mbili, likavunjwa baada ya siku sita, na aliyemshurutisha mtafiti kulivunja alikuwa Christina Maslach, mwanamke kijana aliyemaliza shahada yake ya udaktari mwaka ule ule, ambaye alipowaona wafungwa wakiongozwa msalani mifuko imevikwa vichwani na minyororo i miguuni, alimwambia Zimbardo pasipo kumung'unya maneno kwamba jambo awatendealo vijana wale ni ovu. Ushujaa wake unasifiwa popote, na astahili. Mimi nashughulishwa zaidi na jambo jingine lililotangulia hilo, ambalo wengi hulipita. Wafungwa waliitwa mbele ya baraza la kusikiliza maombi ya kuachiliwa, wakaulizwa kama wako radhi kuupoteza ujira wao ili watoke, na wengi wakajibu kwamba wako radhi. Kisha wakaambiwa warudi vyumbani wakati maombi yao yanafikiriwa, nao wakarudi. Mtu aliyekwisha kuutoa ujira wake hana tena kimfungacho katika jaribio, na neno moja tu, "naacha", lingemtosha kwenda zake kwao. Neno hilo halikuwajia, kwa kuwa walikuwa wamekoma kujiona vijana walioajiriwa. Na aliyepaswa kuwakumbusha alikuwa Zimbardo, ambaye alijivika mwenyewe cheo cha mkuu wa gereza, akawa hana nafasi ya kuona.

Basi usiseme, mwanangu, kwamba mambo haya ni ya Yale na Stanford, na kwamba wewe huna mtambo wala gereza, una karatasi ya maswali 30 tu. Kwetu kiko kizuizi ambacho hakikuandikwa katika kitabu chochote cha kufundishia, nacho ni adabu. Mgeni hafukuzwi, msomi hakatizwi, na aliyeletwa na mkubwa hakataliwi. Kwa sheria huna budi kuwa na kibali: Tanzania utakipata kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, na utafiti wako ukigusa afya utapita pia kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Kenya utapewa leseni na NACOSTI baada ya kamati ya maadili kuyapitia maandishi yako. Kisha utateremka na barua, kutoka mkoani hadi wilayani, wilayani hadi katani, mpaka mwenyekiti wa mtaa, au sheha ukiwa Unguja au Pemba, au chifu ukiwa Kenya, atakapokushika mkono akuingize nyumbani kwa mtu. Utaratibu huu ni wa lazima na una manufaa yake. Lakini jiweke mahali pa mwenye nyumba: anamwona mgeni ameletwa na mtu yule yule ambaye kesho atamwendea kwa barua ya kitambulisho, na ambaye pakija msaada wa chakula ndiye aandikaye majina. Je, atasema hapana?

Kwa hiyo mwombe mkubwa huyo akujulishe, kisha aende zake kabla hujalieleza jambo lako, nawe usione haya kumwomba, maana wengi wao huelewa wakielezwa kwa staha. Eleza kwa sauti na kwa lugha ya nyumba ile. Usimpe mtu karatasi ya kurasa nne ukajifanya unamsubiri aisome. Kama jambo lenyewe laruhusu, usichukue jibu siku hiyo. Mwachie karatasi yako, rudi kesho yake. Na ukirudi ukaambiwa "njoo kesho, inshallah", ukaenda tena ukaambiwa vivyo hivyo, tambua kwamba umekwisha kujibiwa. Watu wetu ni hodari wa kukataa bila ya kutamka neno la kukataa, na mtafiti afanyaye bidii ya kurudi mara ya nne na ya tano, huku akijisifu kwa uvumilivu, anamsukuma mtu aliyekwisha kusema.

Hata akikubali, kumbuka kwamba mgeni aliyekaribishwa barazani hakukaribishwa chumbani: anapovuka ukumbi hana budi kupiga hodi tena. Maswali ya umri na kazi ni barazani, maswali ya ndoa, ya mapigo na ya huzuni yamo ndani zaidi, na kila ufikapo mlango mwingine mwambie mtu wazi, "Sasa nataka kukuuliza juu ya jambo hili, waweza kuliruka, waweza kuniambia tuishie hapa, na hakuna litakalopungua." Sema hivyo kwa uso wa mtu anayemaanisha. Nimewasikia watafiti wakiyasema maneno hayo kwa mbio kama mtu asomaye masharti ya bahati nasibu redioni, macho yakiwa kwenye dodoso na kalamu imekwisha kutangulia kwenye swali la kwanza.

Juu ya malipo sina mengi. Mlipe mtu nauli yake na muda wake, kwa kadiri ya kibarua cha mahali pale, umlipe yote hata kama ameacha nusu ya njia. Malipo yanayongoja swali la mwisho ni kufuli.

Ikiwa wewe ni mwalimu, au msaidizi wa mwalimu, usiwafanye wanafunzi unaowasahihishia mitihani kuwa watu wa utafiti wako, hata wakija wenyewe wakicheka. Ukishindwa kabisa kuwaepuka, mtume mtu mwingine awaombe, majina ya waliokubali na waliokataa asikuonyeshe mpaka alama zimetolewa. Hasara ya kuwa na vyeo viwili katika chumba kimoja tumekwisha kuiona Stanford.

Sasa nije kwenye hila, ambayo ndiyo inayowatia mashaka wengi. Hapana shaka yako mambo ambayo ukiyatangaza kabla huwezi kuyapima, kwa kuwa mtu ajuaye kwamba unapima ubahili wake atakuwa karimu mchana kutwa. Kanuni za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani hazikatazi hila moja kwa moja, bali zinaifunga kwa kamba fupi: pasiwe na njia nyingine iwezekanayo, manufaa ya elimu yawe ya maana, mtu asidanganywe kabisa juu ya jambo linalotazamiwa kumletea maumivu ya mwili au dhiki kali ya moyo, na ukweli abainishiwe mapema iwezekanavyo, naye akiisha kuujua apewe ruhusa ya kuyaondoa majibu yake. Mfano wa kuitumia kamba hiyo aliutoa Jerry Burger wa Chuo Kikuu cha Santa Clara, ambaye mwaka 2009 alichapisha jaribio lililoifuata njia ya Milgram kwa tahadhari. Waliokuja aliwachuja kwanza, na wale ambao wanasaikolojia waliona wangeweza kudhurika aliwarudisha. Walioingia waliambiwa mara tatu, mbili kati yake kwa maandishi, kwamba waweza kuacha na dola 50 zao wakaenda nazo. Alilisimamisha jaribio kwenye volti 150, kwa sababu kumbukumbu za Milgram zilionyesha kwamba waliovuka hapo wengi wao walikwenda hadi mwisho. Na mara tu lilipokoma, mtu akaambiwa ukweli, na yule "aliyepigwa umeme" akaingia chumbani kumwonyesha kwamba ni mzima. Elimu aliyotaka aliipata. Wapo wasemao kwamba maadili huinyima sayansi riziki yake. Hao ningependa wamweleze Burger alichopungukiwa.

Kuhusu watoto naomba uwe mzito kuliko unavyotakiwa na kamati yako. Mwaka 1939, katika nyumba ya yatima ya Davenport, jimbo la Iowa, profesa Wendell Johnson alimtuma mwanafunzi wake Mary Tudor akawachukue watoto 22, na baadhi yao, ambao walikuwa wakisema vizuri tu, waliambiwa mara kwa mara kwamba wanaanza kugugumia na kwamba wasifungue kinywa mpaka wawe na hakika ya kusema sawasawa. Baadhi yao walianza kuogopa kusema, wakadorora masomoni. Tudor alirudi baadaye kujaribu kuyatengeneza aliyoyaharibu, wala hakufaulu kama alivyotaka. Jambo lenyewe lilifichika hata mwaka 2001, gazeti lilipolifichua na Chuo Kikuu cha Iowa kikaomba radhi. Na mwaka 2007 serikali ya jimbo ikakubali kulipa fidia ya dola 925,000. Walichaguliwa yatima, na sababu yake yafahamika: hawakuwa na mzazi wa kuuliza, "Mwanangu mnamfanyia nini?" Ukijikuta unavutwa kwenda kwenye kituo cha watoto, au gerezani, au kambi ya wakimbizi, kwa kuwa kule ruhusa hutolewa na mtu mmoja kwa niaba ya 200, geuka nyuma kwanza ujiulize kama swali lako haliwezi kujibiwa na watu wenye kuweza kukufungia mlango. Na mtoto mwenye kufahamu, hata kama mzazi ametia sahihi, muulize naye. Akinyamaza, akitazama chini, mwache akacheze.

Kuna swali moja ambalo laniogopesha kuliko yote, kwa vile litumiwavyo na vijana wasio na matayarisho. Dodoso liitwalo PHQ-9, ambalo limefasiriwa kwa Kiswahili na kutumiwa sana Kenya na Tanzania kupimia sonona, linauliza katika swali lake la tisa kama katika wiki mbili zilizopita mtu amekuwa na fikra kwamba ni heri afe, au ajidhuru. Utatenda nini mtu akijibu, "Karibu kila siku"? Nimewauliza hivyo vijana kadhaa, wakanijibu kwamba watatia alama panapostahili. La, bwana! Swali kama hilo haliulizwi na mtu asiye na jibu la pili mfukoni. Kabla ya kuondoka chuoni uwe umekwisha kuonana na hospitali ya wilaya au kituo cha afya kilicho karibu, unajua jina la muuguzi au tabibu atakayempokea mtu huyo, na siku zake za kazi; uwe na nauli ya kumfikisha; uwe umemweleza mtu tangu mwanzo kwamba siri yake utaitunza isipokuwa uhai ukiwa hatarini, na nani utamwambia hapo. Ujue pia sheria ya nchi uliyomo. Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, mpaka mapema mwaka 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kinapingana na katiba. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi daftari la mtafiti mzembe lingeweza kumtia mgonjwa matatani na polisi.

Na daftari hilo, pamoja na simu uliyorekodia sauti, ni amana. Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nazo zina adhabu. Lakini usitegemee kwamba ukilifuta jina umemficha mtu. Ukiandika "mwalimu mkuu, mwanamke, mjane, wa kijiji kilicho kando ya mto", hapo kijijini kila mtu amekwisha kumjua na kumtembelea. Badilisha au ondoa lisilohitajika katika hoja yako. Na yale uliyoyasikia usiyafanye kuwa porojo za basini wakati wa kurudi.

Nakugeukia sasa wewe utakayeulizwa, bibi au bwana, uliyeketi kibarazani pako ukamwona kijana anakuja na mkoba. Mpokee, maana wengi wao wanatafuta elimu kwa nia njema, na mengi tuyajuayo juu ya huzuni, malezi na kumbukumbu tumeyapata kwa watu waliokubali kuulizwa. Lakini muulize nawe. Nani amekutuma, na nani analipa? Kamati gani ya maadili iliyopitisha utafiti huu, na namba yake ya simu ni ipi, nipate kuipigia hata wewe ukiwa umekwenda? Sauti yangu itakaa wapi, na itafutwa lini? Matokeo utakuja kutusomea, au tutayasikia mbali? Kijana aliyejitayarisha hatakasirika. Atakujibu na kukuachia karatasi yenye majibu hayo. Uliza na hili, ambalo watu husahau: siku ya mwisho ya kuyaondoa maneno yangu ni lini? Kwani majina yakiisha kutenganishwa na majibu, na majibu kuchanganywa na ya watu 300, hata mtafiti mwenyewe hawezi tena kujua lipi lilikuwa lako. Basi mwambie aiandike tarehe hiyo kwenye nakala yako, atie sahihi, kabla hujatia yako.